Kasiba si Mtutu: Umbo la Bunduki, Usahihi wa Shabaha na Kazi ya Mfasiri

Mfasiri mmoja alituletea sentensi aliyokuwa ameifasiri kutoka katika taarifa ya mtaalamu wa silaha, akatuomba tuitazame kabla hajaikabidhi kwa waliomwagiza. Sentensi ilisomeka hivi: "Risasi haikuonyesha alama zozote za mtutu." Tulipoisoma mara ya kwanza hatukuona ubaya wowote. Sarufi yake ni safi na maneno yake yanajulikana na kila mtu. Lakini tulipoiweka kando ya taarifa ya asili, tuliona kwamba mtaalamu alikuwa amesema jambo zito zaidi. Alikuwa amesema kwamba risasi ile haikupita katika bunduki yoyote iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi, na kwamba kwa sababu hiyo ilitoka katika bunduki yenye uvungu laini, mfano wa gobori.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayeshtakiwa kwamba alifyatua bunduki ya kijeshi aweza kuokolewa na sentensi ya asili. Sentensi ya tafsiri haimfai kitu, maana anayeisikia atadhani kwamba alama hazikuonekana kwa bahati mbaya tu, ama kwa kuwa risasi ilibondeka, ama kwa kuwa mchunguzi hakuwa na vyombo. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, sentensi za namna hii hazina tena nafasi ya kubaki katika majalada ya wataalamu peke yao. Husomwa mbele ya hakimu, na mshtakiwa mwenyewe husikiliza. Ndiyo maana tumeona yafaa tueleze katika kurasa hizi namna umbo la bomba la bunduki linavyoathiri usahihi wa shabaha, na papo hapo tupime maneno tuliyo nayo na yale yanayotupungukia. Mfasiri asiyekielewa kitu chenyewe hawezi kuokolewa na kamusi, hata ikiwa nene namna gani.

MANENO TULIYORITHI

Lugha yetu haina umaskini wa maneno ya bunduki. Neno bunduki lenyewe limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Risasi lilikuwa, na hata sasa ni, jina la madini laini na mazito kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa. Kasiba latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete au mwanzi, yaani kitu kirefu chenye uwazi ndani. Na kwa hakika ni vigumu kupata jina linalofaa zaidi kwa bomba la bunduki.

Wazee wetu walizigawa bunduki kwa namna moto wake unavyowashwa. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka. Kulikuwa na gumegume, iliyopiga jiwe likatoa cheche. Kisha ikaja ya fataki. (Neno gumegume siku hizi lina maisha mengine kabisa mitaani, na hatutaingia huko.) Mgawanyo huu waonyesha jicho kali. Hata hivyo, hakuna jina hata moja kati ya hayo linalogusa sura ya ndani ya kasiba. Sababu yake ni ya kihistoria. Bunduki nyingi zilizoingizwa kwa njia ya Zanzibar katika karne ya 19 na kupelekwa bara na misafara zilikuwa za kushindiliwa mdomoni, nazo ndani zilikuwa laini. Zilipokuja bunduki za namna nyingine, zilikuja na majeshi ya wakoloni, na maneno yake yakabaki kambini katika Kijerumani na Kiingereza. Askari wetu walifundishwa kulenga. Hakuna aliyewaita kutunga istilahi.

Neno linalotusumbua zaidi ni mtutu. Kwa wengine mtutu ni mdomo wa bunduki, pale risasi inapotokea. Kwa wengine ni bomba zima tangu mwanzo hadi mwisho. Katika hotuba haidhuru: anayesema kwamba nchi fulani inatawaliwa kwa mtutu wa bunduki anaeleweka, awe anafikiria mdomo au bomba. Katika kitabu cha mafunzo au katika ushahidi inadhuru sana, kwa sababu, kama tutakavyoona, mdomo ulioharibika na bomba lililochakaa ni magonjwa mawili tofauti. Sisi twapendekeza kasiba iwe bomba zima. Mtutu uwe sehemu ya mbele ya kasiba. Mdomo uwe ule uwazi wa mwisho wenyewe. Na ule uwazi wa ndani, kutoka mwanzo wa kasiba hadi mdomoni, uitwe uvungu. Maneno yote manne ni ya zamani. Kilichopungua ni mipaka tu kati yao.

GOROLI INAYOYUMBA

Kwa nini gobori hukosa shabaha? Jibu la haraka ni kwamba ni bunduki ya zamani. Jibu hilo si jibu. Kasiba ya gobori yaweza kuwa imenyooka kama uzi, na mlengaji akawa hodari, na bado risasi ikaenda kando.

Bunduki iliyoshindiliwa mdomoni ilihitaji risasi ndogo kuliko uvungu wake, la sivyo isingeingia, hasa baada ya masizi ya baruti kujaa. Bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Uingereza katika karne ya 18 ilikuwa na uvungu wa kipenyo cha inchi 0.75, na goroli yake ya risasi ilikuwa kama inchi 0.69. Hiyo ni nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Goroli ilipofyatuliwa haikusafiri katikati ya uvungu. Iligonga upande huu, ikaruka ikagonga ule, na upande wa mwisho ulioguswa ndio ulioamua itatoka na mzunguko gani. Kila mpigo ulikuwa na mzunguko wake, na hakuna aliyeweza kuutabiri.

Mtu aliyeonyesha kwamba mzunguko huo ndio kiini cha tatizo ni Benjamin Robins, mwanahisabati Mwingereza, ambaye kitabu chake juu ya kanuni za upigaji mizinga kilitoka mwaka 1742. Jaribio lake moja lastahili kufundishwa darasani hata leo. Alichukua kasiba ya bunduki ya kawaida akaipinda kidogo, digrii tatu au nne hivi, karibu na mdomo, kuelekea kushoto. Akaweka mbele yake vitambaa vya karatasi nyembamba kwa umbali tofauti, ili kila risasi iache tundu pale ilipopita. Mtu yeyote angetegemea kwamba risasi iliyotoka katika kasiba iliyopinda kushoto itakwenda kushoto. Nayo mwanzoni ilikwenda kushoto. Lakini kadiri ilivyosonga mbele ilirudi, ikaukata mstari wa kati, ikaishia kulia.

Maelezo yake ni haya. Katika kona ile ya kushoto, goroli ilisuguana na ukuta wa kulia wa uvungu. Msuguano uliushika upande wake wa kulia ukauchelewesha, kwa hiyo goroli ikatoka ikizunguka, sehemu yake ya mbele ikielekea kulia. Kitu cha mviringo kinachozunguka hewani hakiendi moja kwa moja. Hewa hukisukuma upande ule ambao mbele yake inaelekea. Wachezaji wa mpira wa miguu wanaijua siri hiyo bila hesabu, kila wanapopiga mpira wa adhabu ukazunguka ukuta wa mabeki. Wanafizikia wameliita jambo hilo kwa jina la Mjerumani Magnus, aliyelichunguza mwaka 1852, ingawa Robins alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Hapa turuhusiwe kutoka nje ya njia kidogo kwa ajili ya wafasiri. Kitabu cha Robins kilifasiriwa kwa Kijerumani mwaka 1745, na mfasiri hakuwa mwingine ila Leonhard Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa waliopata kuishi. Euler hakuridhika kufasiri. Aliongeza maelezo, masahihisho na mabishano hata tafsiri ikawa kubwa mara kadhaa kuliko kitabu, na mwaka 1777 Waingereza wakalazimika kuirudisha tafsiri hiyo katika lugha yao ili wayasome maelezo ya Euler. Hatumshauri mfasiri wa taarifa za mahakama afuate mfano huo.

MSOKOTO

Kama mzunguko usiotabirika ndio adui, dawa ni kuipa risasi mzunguko unaojulikana, uwe uleule kila mara, na uwe kuzunguka mstari wa safari yake yenyewe. Watoto wetu wanaochezesha pia wanalijua jambo hili. Pia iliyotulia huanguka. Pia inayozunguka kwa kasi husimama juu ya ncha yake. Risasi ndefu yenye ncha ikitupwa bila mzunguko hubiruka hewani, kwa sababu upepo husukuma mbele ya kitovu cha uzito wake. Ikizungushwa hushika mwelekeo.

Mafundi wa Ujerumani ya kusini walianza kuchonga mifuo ndani ya kasiba mwishoni mwa karne ya 15. Mifuo hiyo hupanda ndani ya uvungu kwa kuzunguka, kama hesi ya ndani ya nati, ila polepole zaidi. Risasi laini hubanwa humo, ikashikwa, na haina budi kuzunguka inapokwenda mbele. Tunasema mfuo kwa ule mfereji mwembamba uliochongwa. Zile sehemu zilizoachwa zimeinuka kati ya mfuo na mfuo twaziita matuta, na hatuoni haya kulichukua neno hili shambani. Waingereza huziita kwa neno lao la ardhi, na Wajerumani kwa neno lao la mashamba. Nasi wenye kulima viazi juu ya matuta tuna neno linaloeleza sura yenyewe kuliko yao.

Robins alisoma mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya London, mwaka 1747, maelezo ya faida za bunduki za mifuo, akatabiri kwamba taifa litakalozielewa na kuzieneza jeshini litawashinda wengine. Majeshi hayakumsikiliza kwa miaka 100 nyingine. Risasi iliyobana ilikuwa ngumu kushindilia, na askari aliye vitani hana nafasi ya kugongagonga. Tatizo hilo lilipungua mwaka 1849, Mfaransa Minié alipotoa risasi ndefu yenye shimo kitakoni, iliyoingia kwa urahisi na kutanuka ilipofyatuliwa.

Mpaka hapa yaelekea tuna fasili: bunduki ya kisasa ni ile yenye mifuo. Fasili hiyo ni mbovu, na aliyeivunja ni Joseph Whitworth.

Whitworth alikuwa mhandisi wa mashine wa Manchester. Wasomaji wanaofundisha ufundi wanamjua kwa jambo jingine: mwaka 1841 alikusanya sampuli za hesi kutoka karakana mbalimbali, ambako kila fundi alikata kwa kipimo chake, akapata wastani na kupendekeza kipimo kimoja kwa wote. Hiyo ndiyo hesi sanifu ya kwanza ya taifa zima. Kazi ya usanifishaji, kama tunavyoijua mezani petu, haitofautiani sana na hiyo, ila hesi hazileti barua za malalamiko.

Katika miaka ya 1850 serikali ya Uingereza ilimwendea Whitworth kwa ajili ya mashine za kutengenezea bunduki. Yeye akauliza kwanza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: kasiba bora ni ya umbo gani? Akajengewa ukumbi mrefu wa yadi 500 karibu na nyumbani kwake, uliozibwa ili upepo usiharibu majaribio, akaanza kupiga na kupima. Bunduki ya jeshi wakati huo, Enfield ya mwaka 1853, ilikuwa na uvungu wa inchi 0.577 na mifuo mitatu iliyozunguka mara moja kwa kila inchi 78. Whitworth aliufanya uvungu uwe mwembamba, inchi 0.451, risasi ikawa ndefu zaidi kwa uzito uleule, na mzunguko ukawa mmoja kwa kila inchi 20. Kisha akafanya lililowashangaza mafundi wote: hakuchonga mifuo. Aliutengeneza uvungu mzima uwe wa pembe sita, na pembe hizo zikapanda kwa kuzunguka kutoka nyuma hadi mdomoni. Risasi nayo ilikuwa ya pembe sita iliyosokotwa vivyo hivyo, ikaingia kama parafujo ndani ya nati yake.

Bunduki hizo mbili zilishindanishwa mwaka 1857. Kwa yadi 500, yaani mita 457 hivi, risasi za Enfield zilitawanyika kutoka kitovu cha mkusanyiko wake kwa wastani wa futi 2.24, karibu sentimita 68. Za Whitworth zilitawanyika kwa futi 0.37, kama sentimita 11. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria aliufungua mkutano wa kwanza wa walenga shabaha huko Wimbledon kwa kuvuta uzi wa bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara juu ya mhimili, na kwa umbali wa yadi 400 risasi ikapiga chini ya inchi mbili kutoka katikati ya shabaha. Jeshi halikuichukua hata hivyo. Ilikuwa ghali, na uvungu wake mwembamba ulijaa masizi upesi. Twasema hivyo ili msomaji asidhani kwamba usahihi ndio kipimo pekee cha silaha.

Kwa mfasiri, somo la Whitworth ni la fasili. Uvungu wake hauna mfuo hata mmoja, lakini huizungusha risasi kuliko mifuo ya Enfield. Siku zizo hizo Charles Lancaster wa London alitengeneza kasiba ambazo uvungu wake ulikuwa wa umbo la yai kwa tofauti ndogo mno, nao ulizunguka pia. Mtu akichungulia mdomoni angeapa kwamba ni laini. Kwa upande wa pili, katika zama za mwanzo zilikuwepo kasiba zenye mifuo iliyonyooka tu, isiyozunguka, ambayo haikuzungusha risasi yoyote. Basi kuna mifuo bila mzunguko, na kuna mzunguko bila mifuo. Kinachotenganisha ni msokoto. Tunapendekeza kusema uvungu wa msokoto na uvungu laini, na mifuo ibaki jina la namna moja tu ya kuuleta msokoto, ingawa ndiyo namna iliyoenea. Jina la kila siku la silaha yenyewe laweza kuwa bunduki ya mifuo, wala hatutagombana na atakayelitumia sokoni au kambini.

Tahadhari moja. Tusiseme "kasiba iliyosokotwa". Mafundi wa zamani, wa Mashariki na wa Ulaya, walitengeneza kasiba kwa kusokota mikanda ya chuma na kuifua pamoja mpaka ikawa bomba, na kasiba ya namna hiyo yaweza kabisa kuwa na uvungu laini.

KIASI CHA MSOKOTO

Vitabu vya Kiingereza huandika msokoto kwa tarakimu mbili, moja na kumi kwa mfano, zikitenganishwa na nukta mbili. Tumeona tafsiri zilizosema "moja kwa kumi", na mwalimu mmoja akawaeleza wanafunzi kwamba hiyo ni nafasi ya kupiga shabaha, mpigo mmoja katika kila kumi! Maana yake ni mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 10 za kasiba. Iandikwe hivyo bila kufupishwa. Kosa jingine ni "msokoto wa kasi" na "msokoto wa polepole". Uvungu hauendi popote. Una umbali tu ambao mfuo huchukua kumaliza mzunguko. Twashauri msokoto mfupi na msokoto mrefu. Kasi ni ya risasi, nayo hupatikana kwa hesabu: risasi ya Lee-Enfield, bunduki iliyobebwa kwa miaka mingi na askari wa King's African Rifles, hutoka kwa mita 744 kwa sekunde, na msokoto wake ni inchi 10, yaani sentimita 25.4, kwa hiyo huzunguka zaidi ya mara 2,900 kwa sekunde moja.

Msokoto gani unafaa hutegemea urefu wa risasi. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alitoa kanuni rahisi: gawanya 150 kwa urefu wa risasi ukipimwa kwa kipenyo chake, na jibu ndio umbali wa mzunguko mmoja, nao pia kwa kipenyo. Risasi yenye urefu wa vipenyo vitatu itahitaji mzunguko mmoja kwa kila vipenyo 50. Risasi ndefu zaidi yataka msokoto mfupi zaidi. Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama. Bunduki iliyokuja kuitwa M16 ilianza na msokoto wa inchi 14. Ilipojaribiwa katika baridi kali, ambako hewa ni nzito zaidi, risasi zake hazikutulia, ukafupishwa kuwa inchi 12. Katika miaka ya 1980 walipochagua risasi ndefu na nzito zaidi, ukafupishwa tena hadi inchi 7. Risasi hiyo mpya ikipigwa kwa kasiba ya zamani huyumba, ingawa inaingia vizuri na kipenyo ni kilekile. Anayefasiri orodha ya vifaa akaacha tarakimu ya msokoto kwa kudhani ni nakshi ya kiwanda, ameacha jambo kubwa.

MDOMO NA UNENE

Kuhusu mdomo tutasema machache. Risasi inapotoka, moshi wenye nguvu ulio nyuma yake hutoka pamoja nayo. Ukingo wa mdomo ukiwa sawasawa pande zote, moshi huiachia risasi kwa usawa. Ukiwa na pengo hata dogo upande mmoja, humwagika upande huo kwanza na kuisukuma risasi kitakoni. Uvungu waweza kuwa mzima kabisa na bunduki ikakosa shabaha kwa sababu ya mdomo tu. Mara nyingi aliyeuharibu ni msafishaji mwenye bidii anayeingiza fimbo ya chuma kwa mbele na kuikwaruza ukingoni kila siku.

Umbo la nje la kasiba ni habari ndefu zaidi, na ndiyo yenye imani nyingi za uongo. Watu wengi huamini kwamba kasiba ndefu hupiga sawasawa kuliko fupi. Kasiba ndefu huipa risasi kasi zaidi, na kwa anayelenga bila darubini huweka mbali alama mbili za kulengea, jambo linalolisaidia jicho. Lakini yenyewe kama chuma haina usahihi zaidi. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa rula iliyobanwa ukingoni mwa meza. Rula iliyotokeza kidogo hutikisika kidogo na upesi; iliyotokeza sana hutikisika sana. Kasiba nayo hutikisika kila inapofyatuliwa, na risasi hutoka katikati ya mtikisiko. Mdomo ukielekea kando kwa sehemu moja tu ya 60 ya digrii, risasi itahama karibu sentimita 3 kwa mita 100, na sentimita 14 au 15 kwa mita 500.

Kinachozuia mtikisiko ni unene. Ugumu wa fimbo ya chuma dhidi ya kupinda hukua kwa haraka ya kustaajabisha: ukiongeza kipenyo chake mara mbili, ugumu huongezeka mara 16. Ndiyo maana bunduki za mashindano ya shabaha zina kasiba nene na nzito, ambazo pia hupata joto polepole. Za kubebwa porini siku nzima zina kasiba nyembamba, na baada ya mipigo michache ya haraka joto huweza kuzipotosha. Ubao unaoibeba kasiba nao una neno lake. Ukifyonza unyevu wa masika ukavimba, huisukuma kasiba upande mmoja, na bunduki iliyolenga vizuri wakati wa kiangazi huanza kupiga pengine.

Hapo wakufunzi huhitaji maneno mawili, na mara nyingi hutumia moja. Risasi tano zilizopiga mahali pamoja, lakini kando ya shabaha, zina mkusanyiko mzuri bila usahihi. Tatizo li katika alama za kulengea, na hurekebishwa kwa dakika chache. Risasi tano zilizotawanyika kuizunguka shabaha hazina mkusanyiko, na hapo tatizo laweza kuwa kasiba, msokoto, mdomo au mlengaji mwenyewe. Askari wa wanyamapori aliyeambiwa tu kwamba bunduki yake "si sahihi" hajui kama airekebishe au aitupe, na tembo aliyejeruhiwa bila kuuawa atawarudia watu wa kijiji kile.

ALAMA ZA MFUO NA ALAMA ZA RISASI

Turudi kwa mfasiri wetu. Matuta ya uvungu huibana risasi na kuiachia alama. Alama hizo tunaomba ziitwe michirizi, na jina mfuo libaki ndani ya kasiba. Tukifanya hivyo, mfuo ni wa bunduki na mchirizi ni wa risasi, na sentensi haitachanganya kilichochora na kilichochorwa.

Michirizi ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya aina ya bunduki. Lee-Enfield ya kawaida ina mifuo mitano inayozunguka kushoto. AK ina minne inayozunguka kulia, mzunguko mmoja kwa milimita 240. Risasi za bunduki hizo mbili zakaribiana sana kwa kipenyo, milimita 7.9 hivi, na kipande kilichobondeka hakiwezi kutambuliwa kwa kukipima upana tu. Lakini michirizi inayoelekea kushoto haiwezi kuwa ya AK. Ngazi ya pili ni ya bunduki moja pekee, yaani mikwaruzo midogo sana iliyoachwa na chombo cha kuchongea, kutu na uchakavu, ambayo huonekana kwa hadubini. Mtaalamu akisema kwamba risasi inalingana na bunduki fulani, aghalabu anazungumzia ngazi ya kwanza tu. AK nyingine zisizo na idadi zina mifuo hiyohiyo minne. Mfasiri akiandika kwamba risasi "ilitoka katika" bunduki hiyo, ameipandisha taarifa ngazi moja kwa kalamu yake mwenyewe, na aliye kizimbani ndiye atakayeulipia upandishaji huo.

Sentensi ile tuliisahihisha pamoja naye ikawa hivi: "Risasi haina michirizi ya matuta, kwa hiyo haikufyatuliwa kutoka katika bunduki yenye uvungu wa msokoto." Mfasiri aliuliza kama hakimu atalijua neno uvungu wa msokoto. Tulimjibu kwamba huenda asilijue mara ya kwanza, na tukamshauri aongeze maelezo mafupi chini ya ukurasa: "yaani bunduki ambayo bomba lake limetengenezwa ndani ili kuizungusha risasi, gobori si mojawapo."